Kiwanja Bila Hati: Historia ya Umiliki wa Ardhi Uswahilini, Dar es Salaam

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimejengwa juu ya ardhi ambayo mpimaji wa serikali hakuifikia kabla ya msingi kuchimbwa. Makadirio yanayorudiwa na wataalamu wa mipango miji ni kwamba wakazi wapatao saba kati ya kumi wanaishi katika makazi ya namna hiyo: Manzese, Tandale, Kigogo, Buguruni, Vingunguti, Keko, Mbagala na sehemu kubwa ya Kimara. Ofisini huitwa makazi holela, ingawa nyumba zilizosimamishwa humo kwa uvamizi ni chache. Karibu kila moja ina aliyeuza na aliyenunua, mashahidi wa pande mbili, na karatasi yenye muhuri wa kiongozi wa mtaa. Kilichokosekana ni daftari la serikali lenye majina hayo, na kukosekana kwake kuna historia ndefu kuliko Tanzania yenyewe.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Ardhi aliyoikuta haikuwa tupu. Pwani ilikuwa ya Washomvi, na nyuma yao, kuelekea bara, walikaa Wazaramo. Haki zao juu ya ardhi zilifuata ukoo, kazi na mti: aliyefyeka pori alitambuliwa kuwa mwenye shamba, na minazi iliweza kuwa ya mtu mmoja huku ardhi ilipopandwa ikiwa ya mwingine. Mgeni aliyetaka mahali pa kujenga aliomba, akatoa kitu kidogo, akakaribishwa mbele ya watu. Ushahidi wa haki yake ulikuwa ni watu hao. Majid alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulisimama, mji ukadorora, na utaratibu wa wenyeji ukaendelea bila kuulizwa na mtu.

Wajerumani ndio walioleta karatasi. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilifungua kituo Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo zilitungwa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba: upande wa mashariki, kwenye upepo wa bahari, majengo ya mawe ya mtindo wa Ulaya; upande wa magharibi, nyumba za miti na udongo. Hazikutaja rangi ya mtu, lakini kila aliyezisoma alijua nani alikuwa na fedha za kujenga kwa mawe. Pigo kubwa zaidi lilikuja na amri ya kifalme ya Novemba 1895, iliyotangaza kwamba ardhi yote ya koloni isiyo na mwenyewe ni mali ya Taji la Ujerumani. Aliyedai umiliki alitakiwa kuuthibitisha. Mfanyabiashara wa Kiarabu au Kihindi mwenye hati ya mauziano aliweza; Mzaramo mwenye mashahidi na minazi alihesabiwa kuwa mkaaji tu. Daftari rasmi la ardhi lililoanzishwa mwaka 1903 liliandika umiliki kamili wa wachache waliopita katika chujio hilo. Kwa upande wa ardhi, hii ndiyo siku ya kuzaliwa ya Uswahilini: eneo ambalo watu wake wanajulikana na haki zao hazijulikani.

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Mashamba na majumba ya Wajerumani yalipigwa mnada kama mali ya adui, na mengi ya mjini yakanunuliwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Eneo la mashamba lililokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lilipangwa kuwa mtaa wa Waafrika, nalo ni Kariakoo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikatangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, isipokuwa ile iliyokwisha kumilikiwa kikamilifu. Mtu angepewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliongeza kwamba mwenyeji anayetumia ardhi kwa mujibu wa mila naye ahesabiwe kuwa na haki hiyo. Maneno hayo yalionekana kuwa ulinzi, na vijijini yalisaidia kwa kiasi. Mjini yaliacha swali ambalo mahakama zilikuja kulijibu baada ya zaidi ya miaka 60, tena vibaya.

Mji wa Waingereza ulikuwa na kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kutenga Kariakoo na Uhindini. Katika kanda mbili za kwanza viwanja vilitolewa kwa miaka mingi na kuandikishwa. Kariakoo na Ilala mjenzi alilipia kiwanja kwa serikali kwa kibali cha muda mfupi, akiruhusiwa kujenga nyumba ya vifaa visivyo vya kudumu. Hapo ndipo ilipokomaa nyumba ya Kiswahili ya mjini: vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Wanawake wengi waliwekeza akiba zao hivyo. Nyumba ilikuwa yao bila ubishi. Ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya serikali, ambayo ingeweza kuitaka wakati wowote. Sheria nyingine ya mwaka 1923, iliyozuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika deni mahakamani bila idhini ya serikali, ilifunga mlango wa mkopo. Ilielezwa kuwa ni kinga dhidi ya wakopeshaji. Matokeo yake ni kwamba nyumba ya Kariakoo, hata ikiwa imara namna gani, haikuweza kumpa mwenyewe fedha kwa njia ya rehani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulifura. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742, na ya mwaka 1967 watu 272,821. Serikali ya kikoloni ilipima Magomeni na Temeke na kupanua Ilala, lakini viwanja havikufuata kasi ya mabasi na treni. Nje ya mipaka ya upimaji, wenye mashamba ya minazi, mihogo na miembe walianza kuyakata vipande. Manzese, Buguruni na Keko zilikua hivyo. Mnunuzi alipelekwa shambani, kipande kikapimwa kwa hatua, minazi iliyomo ikahesabiwa katika bei, na mpaka ukapandwa minyaa au michongoma. Katika miaka ya 1960, chama cha TANU kilipoweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, balozi akawa shahidi mkuu wa mauziano. Karatasi iliandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule: majina, bei, majirani wa pande nne, saini au dole gumba, na muhuri. Mfumo wa vyama vingi ulipokuja, kazi hiyo ilihamia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, pamoja na ada yake, ambayo kwa mazoea ni asilimia kumi ya bei. Sheria haikumpa mamlaka hayo. Wanunuzi walimpa, kwa sababu yeye ndiye aliyejua nani anauza kweli na nani anauza kiwanja cha nduguye.

Swali la aina ya umiliki liliingia katika siasa kabla ya uhuru. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya 1953 hadi 1955 ilipendekeza umiliki wa mtu binafsi unaouzika, na mwaka 1958 serikali ya Tanganyika ikatoa waraka wa mwelekeo huo. Julius Nyerere alijibu mwaka huohuo kwa kijitabu chake Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikiwa bidhaa, wachache wenye fedha watainunua yote na walio wengi watageuka wapangaji katika nchi yao. Baada ya uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 umiliki kamili ulifutwa na kugeuzwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukageuzwa haki ya kutumia ardhi kwa masharti. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Makabaila wa mjini waliondolewa, hilo halina shaka. Lakini muundo wa mwaka 1923, wa serikali kuwa mwenye ardhi na mwananchi kuwa mpewa, ulibaki palepale, na mkazi wa Manzese hakuwa hata mpewa.

Kwa makazi ya watu kama yeye, serikali mpya ilianza na tingatinga. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba za udongo Magomeni na kwingineko na kujenga za saruji mahali pake. Nyumba zilipatikana, ila kila moja mpya ilikuja kwa kuvunja ya zamani, na gharama ikawa kubwa kuliko mfuko. Mwaka 1972 Baraza la Mawaziri liligeuza sera: makazi yasiyopimwa yaboreshwe yalipo, na viwanja vipya vyenye huduma vipimwe kwa wingi. Mradi wa viwanja na huduma, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1974, ulipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikapata barabara, mabomba na taa. Kwa macho ya leo huo ndio wakati serikali ilipokaribia zaidi kuwaandikisha wanyonge. Haikufika. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama viliangukia zaidi mikononi mwa watumishi wa serikali na wengine wenye kipato cha uhakika, waliojua njia ya kwenda ofisi ya ardhi. Manzese barabara ziliingia, ila hati zilizotarajiwa kufuata zilitolewa chache mno. Awamu ya pili ya mradi ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za wafadhili zikakauka, na upimaji ukarudi kuwa kazi ya ofisi isiyo na petroli ya gari.

Uhaba huo ulizaa uchumi wake. Kiwanja kilichopimwa kilitolewa kwa ada ndogo mno, kwa kuwa rasmi ardhi tupu haikuwa na bei, wakati mitaani bei yake ilijulikana na kila dalali. Tofauti ya bei hizo mbili ilikwenda kwa walioshika kalamu. Ofa, ile barua ya kumpa mtu kiwanja, ikawa bidhaa, na kiwanja kimoja kikapata ofa mbili au tatu zenye majina tofauti. Tume ya Rais kuhusu Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji na kuanza kazi mwaka 1991, ilisikiliza malalamiko ya wananchi nchi nzima na kuyaweka hadharani. Mapendekezo yake makuu, ya kuondoa mamlaka ya mwisho juu ya ardhi mikononi mwa serikali kuu, yaliwekwa kando. Picha iliyoichora haikuweza kukanushwa.

Wakati huohuo mahakama zilikuwa zikijibu swali lililoachwa na marekebisho ya mwaka 1928. Mji ulipopanuka na eneo la kijiji kutangazwa kuwa la mipango miji, haki ya mila ya mwenye shamba ilikuwa nini? Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba katika eneo la mji haki ya mila na haki iliyotolewa na serikali haziwezi kukaa pamoja juu ya ardhi moja. Aliyepewa ofa alishinda, na aliyezaliwa hapo akawa mvamizi kwa tangazo la gazeti la serikali. Hata fidia yake ilihesabiwa kwa minazi na nyumba, si kwa ardhi. Mwaka 1994 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba haki za mila ni mali inayolindwa na Katiba, na haziwezi kufutwa bila fidia. Uamuzi huo ulikuwa wa vijijini, lakini ulibadilisha hewa.

Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ziliweka mambo matatu yanayomhusu maskini wa mjini. Ardhi ina thamani, na anayehamishwa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, kwa bei ya soko. Makazi yasiyopimwa yaweze kurasimishwa yalipo, pasipo kuhamisha watu. Na mkazi wake aweze kupewa leseni ya makazi, ya kati ya miezi sita na miaka miwili. Katika hayo matatu, la kwanza ndilo lililoongeza usalama kwa vitendo, na halikudai hati: aliyekaa kwa haki katika eneo lisilopimwa alistahili kulipwa. Ulinzi huo una ukuta wake, nao ni maeneo ya hatari na hifadhi za barabara. Nyumba za bonde la Msimbazi zilivunjwa mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016, na zile za kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kiluvya zikafuata mwaka 2017. Humo wapo waliokuwa na karatasi, umeme, mita ya maji na stakabadhi za kodi ya jengo kwa miaka mingi.

Leseni ya makazi ilianza kutolewa Dar es Salaam katikati ya muongo wa 2000. Kazi yenyewe ilibuniwa vizuri. Picha za setilaiti zilitumika kutambua kila nyumba, vijana wakapita mlango kwa mlango na wajumbe kuandika wenyewe, na mipaka ikakubaliwa na majirani bila bikoni, zile alama za mpaka za mpimaji. Nyumba zaidi ya laki mbili ziliingizwa katika daftari kwa gharama ndogo, jambo ambalo upimaji wa kawaida haukuwahi kulifanya. Kisha wenye nyumba wakaitwa wakachukue leseni zao, na zaidi ya nusu hawakwenda. Sababu zinaeleweka. Leseni ya miaka miwili ilimpa mtu aliyekaa miaka 30 muda mfupi kuliko aliokwisha kuupata kwa majirani zake, na ilimwingiza katika orodha ya walipa kodi ya ardhi. Baadaye muda uliongezwa hadi miaka mitano, na bado wengi hawakurudi kuihuisha. Ukiiweka pembeni ya kibali cha kiwanja cha Kariakoo ya Waingereza, leseni hii ni nduguye wa damu: maskini anatambuliwa, ila kwa muda mfupi.

Msukumo wa nadharia ulitoka mbali. Mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, alikuwa amedai katika kitabu cha mwaka 2000 kwamba maskini wa dunia wana mali nyingi iliyokufa kwa kukosa hati, na kwamba hati ingeifufua kuwa mtaji. Serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilimwalika, na mwaka 2004 ukaanzishwa Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania, MKURABITA, kwa msaada wa Norway. Taasisi ya de Soto ilikadiria kwamba asilimia 89 ya mali zilikuwa nje ya mfumo wa sheria. Hesabu hiyo ilisaidia kuamsha wanasiasa. Ahadi ya mkopo haikusimama. Benki chache zilikubali leseni kama dhamana, kwa mikopo midogo, kwa sababu benki hutazama kwanza kipato cha mwezi kuliko karatasi ya kiwanja. Wakazi nao waliogopa kuweka rehani kitu pekee ambacho familia haiwezi kukipata tena.

Faida ilionekana zaidi mahali ambapo watetezi wa nadharia hawakupatazama. Kigogo na Mburahati, wakati huo zote katika Manispaa ya Kinondoni, watafiti waliwapa wenye nyumba punguzo la gharama ya hati, baadhi kwa sharti kwamba jina la mwanamke liandikwe pamoja na la mume. Sharti halikupunguza idadi ya walioitaka hati, na karibu wote waliopewa sharti hilo waliwaandika wake zao. Kwa mjane ambaye shemeji zake wako mlangoni kabla arobaini haijapita, jina katika hati lina uzito kuliko mkopo wowote.

Hati kamili, ya miaka 33, 66 au 99, ina njia yake ndefu: mchoro wa mipango miji uidhinishwe, bikoni zipandwe, ramani ya upimaji isajiliwe, ndipo hati iandaliwe na ada zilipwe. Mradi wa Viwanja 20,000, uliotekelezwa pembezoni mwa jiji kuanzia mwaka 2002, ulionyesha kwamba serikali ikiamua inapima haraka. Ulivuka lengo lake, na Kibada, Tuangoma, Mbweni na Bunju zikapata mitaa iliyonyooka. Ila bei ilikuwa ya wenye nacho, na mkulima aliyelipwa fidia alisogea mbele kwenda kuanza makazi mengine yasiyopimwa. Muongo wa 2010 ukaleta urasimishaji shirikishi, ambapo wakazi wa mtaa huchanga fedha na kuajiri kampuni binafsi ya upimaji. Kimara ilitangulia. Pale kamati ilipokuwa na watu wanaoaminiwa, mipaka ilikubaliwa, njia ikaachwa na hati zikatoka. Kwingine kampuni ilichukua michango na kazi ikaishia kwenye mchoro, hata wizara ya ardhi ikalazimika kuweka bei kikomo na kuzifuatilia kampuni zilizodaiwa kazi. Wengi waliochanga waliishia kuwa na namba ya kiwanja: upimaji umekwisha, ada ya hati haijalipwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi nchini, na leseni za makazi zimo tena ndani yake.

Kuna kundi ambalo historia hii yote imelipita pembeni, nalo ni kubwa. Wengi wa wanaoishi katika nyumba za vyumba sita hawakuzijenga, wamepanga. Kwao usalama ni kodi ya miezi sita au mwaka mzima inayodaiwa mkononi kabla ya kupewa ufunguo, na notisi inayotolewa kwa mdomo. Mtaa unaporasimishwa na barabara kupita, mwenye nyumba huandikwa na mpangaji hupandishiwa kodi. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ambayo angalau ilimpa mahali pa kulalamika, ilifutwa mwaka 2005, na hadi sasa hakuna mpango wa urasimishaji uliofungua daftari kwa ajili yake.